Kuchapisha Upya Vibonzo: Jarida la Doctor Who Classic Comics na Kumbukumbu za Kiswahili cha Mitaani

Mwezi Desemba 1992, tawi la Uingereza la kampuni ya Marvel lilianza kutoa jarida lililoitwa Doctor Who Classic Comics, likihaririwa na Gary Russell. Lilikoma Desemba 1994 baada ya matoleo 27. Kazi yake kuu ilikuwa kuwarudishia wasomaji hadithi za picha zilizokwisha kutoka katika majarida ya watoto miongo miwili au mitatu kabla, zikitokana na tamthilia ya bunilizi ya kisayansi ambayo BBC ilianza kuirusha tarehe 23 Novemba 1963. Kwa mwanaisimu wa Kiswahili, habari hii yaweza kuonekana ya mbali. Makala haya yanadai kuwa inatuhusu, kwani inaibua swali ambalo uhakiki wetu wa matini umelipitia juujuu: katuni inapochapishwa tena, ni nini hasa kinachorudishwa?

Vibonzo vya mwanzo vilitokea katika jarida la TV Comic mnamo Novemba 1964, vikichorwa na Neville Main. Tangu mwanzo havikuwa kivuli cha tamthilia. Mhusika mkuu alipewa wajukuu wawili, John na Gillian, ambao hawakuwamo kabisa katika tamthilia, na jina lake likachukuliwa kuwa ni "Dr Who", ilhali katika tamthilia "nani" lilikuwa swali tu. Kuanzia Januari 1965 jarida la TV Century 21 nalo lilichapisha, kwa rangi, mfululizo wa sehemu 104 juu ya Daleks, yale maadui ya chuma, bila kumhitaji Daktari mwenyewe.

Baadaye BBC ilifuta mikanda yake mingi ya miaka ya 1960. Zaidi ya vipindi 90 vilipotea. Baadhi vimepatikana katika nchi zilizouziwa nakala: mwaka 2013 ilitangazwa kuwa vipindi 9 vilivyokuwa vimepotea vimepatikana Jos, Nigeria. Karatasi rahisi ya watoto, ambayo hakuna aliyeitungia sera ya hifadhi, ilidumu kuliko mkanda wa shirika la umma.

Hata hivyo, kudumu kwa karatasi si dhamana ya kudumu kwa matini. Mwishoni mwa miaka ya 1970, TV Comic ilichapisha tena baadhi ya hadithi zake za zamani baada ya kuchora sura ya Tom Baker, mwigizaji wa wakati huo, juu ya sura za waliomtangulia. Mwili ukabaki wa mmoja, kichwa kikawa cha mwingine. Doctor Who Classic Comics halikufika huko, lakini lilizitia rangi hadithi nyingi zilizochorwa kwa wino mweusi peke yake. Wapo waliofurahi. Kwa maoni yangu, hapo jarida lilipoteza sehemu ya thamani yake, maana mchoraji wa weusi na weupe hupanga kivuli na nafasi tupu kwa hesabu ambayo rangi huivuruga.

Tukirejea kwetu, tofauti ya kwanza ni ya kihistoria. Katuni hizo za Uingereza zilikuwa na mzazi. Tamthilia ilipositishwa mwaka 1989, mashabiki wake walibaki, na ndio waliolipa uhai soko la nakala za zamani. Vibonzo vya Kiswahili vya Tanzania Bara havikuwa na mzazi wa aina hiyo. Runinga yenyewe ilianza huko mwaka 1994. Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na baadaye Komredi Kipepe, Lodi Lofa na Madenge katika jarida la Sani lililoasisiwa na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, walizaliwa karatasini na kuishi karatasini. Sisi tuliokulia Kigera, karibu na Musoma, tukizungumza Kikwaya au Kijita nyumbani na Kiswahili cha darasani shuleni, tulikisikia Kiswahili cha vijiwe vya Dar es Salaam kwa mara ya kwanza ndani ya viputo vya Sani. Nakala moja ilipita mikono mingi, kisha ikaishia kufungia karanga.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo. Lugha ya mitaani huacha nyayo chache za maandishi. Kamusi ndogo ya Rajmund Ohly ya mwaka 1987, na baadaye kazi ya Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling ya mwaka 2006, zinatupa maneno na maana zake. Kibonzo kinatupa pia nani amemwambia nani, wapi, akiwa amesimama vipi, na aliyeambiwa amekunja uso kiasi gani. Mwanapragmatiki hawezi kudharau ushahidi wa namna hiyo.

Lakini mhariri wa Kiswahili ana mazoea ya kusahihisha. Tuchukulie kwamba mchoraji ameandika "kurara" badala ya "kulala" ili msomaji amtambue msemaji kuwa ametoka kwetu Mara, au amerefusha irabu za "weeee" hadi ukingo wa picha. Mhariri akisanifisha, atakuwa amefuta kichekesho na data kwa kalamu moja, sawa na yule aliyebandika sura ya Tom Baker. Uchapishaji upya unaostahili kutumiwa na watafiti ungepiga picha ukurasa mzima, pamoja na matangazo ya pembeni na tarehe ya toleo, na kuweka maelezo ya mhariri nje ya viputo.

Liko pia suala la haki. Philip Ndunguru, aliyemchora Kipepe, alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 iliweka ulinzi wa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Kwa kipimo hicho, michoro yake inalindwa hadi 2036. Mazungumzo na warithi wa wachoraji yanapaswa kutangulia mashine ya kunakili, na idara za Kiswahili za vyuo vikuu vyetu zinaweza kuyaanza sasa, wakati wapo bado wasomaji wanaokumbuka ni neno gani lilichekesha na kwa nini.