Kusema "Si Shairi" Hakutoshi

Wako wanaodhani kwamba kusomeana kazi na kukosoana ni mtindo mpya wa darasani. Hata kidogo. Washairi wetu walikosoana hadharani tangu zamani. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa na nafasi ya mashairi, na mtunzi wa mji mmoja aliweza kujibiwa humo na mtunzi wa mji mwingine.

Kilichowasaidia ni kipimo. Shairi la kawaida lina mizani 16 kila mshororo, nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho. Ukiniambia "mshororo wako wa tatu una mizani 15", nahesabu kwa vidole, naona, narekebisha. Ugomvi uko wapi hapo? Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi, ambaye baadaye alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, alizieleza kanuni hizo katika Sheria za Kutunga Mashairi. Basi hata kijana asiye na mwalimu akaweza kujikagua.

Miaka ya sabini mambo yakachacha. Mwaka 1973 K. K. Kahigi na M. M. Mulokozi walitoa Mashairi ya Kisasa, na mwaka 1974 E. Kezilahabi akatoa Kichomi. Zikaonekana tungo zisizojali vina wala mizani. Wanamapokeo wakaja juu: haya si mashairi! Lakini jamani, mtu akiambiwa "si shairi" aende akarekebishe nini? Vidole havikutosha tena, na kipimo kingine kilikuwa bado hakijazoeleka. Mwaka 1979 Mulokozi na Kahigi wakatoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu: wakaeleza wanavyouona ushairi, na tungo zao wakaziweka humo humo, kila mtu apime mwenyewe.

Nayasema haya kwa sababu ya kikundi chetu cha uandishi hapa Madale, ukipanda kutoka Tegeta. Tunakutana Jumamosi, kila mtu na kaunta buku lake. Mwenzetu mmoja alisoma hadithi ya mama aliyeuziwa kiwanja chenye wenyewe. Baadhi ya watu wakamwambia "haijatulia", wengine "haina mvuto", basi. Hajarudi tena. Na ni yeye peke yake aliyekuwa akiandika mambo ya viwanja, ambayo huku kwetu yanawanyima watu usingizi.

Baada ya hapo tukaweka utaratibu. Kwanza msikilizaji aseme alichosikia: hadithi ni ya nani, na mtu huyo anataka nini. Pili ataje mahali hasa, aya au sentensi. Tatu aeleze pale kilimtokea nini: alipotea, alichoka, au hakumwamini mhusika. Dawa amwachie mwandishi. "Haina mvuto" hairekebishiki. Lakini ukisema "pale mama anapolia mbele ya mjumbe, sikuelewa kwa nini karatasi za mauziano bado kazificha kwenye khanga", mwandishi ana pa kuanzia. Anaweza hata kukukatalia, kwa sababu anajua mnabishania nini.

Kwa hiyo wapenda vina waendelee navyo, na wasiovitaka waviache. Ila anayemkosoa mwenziwe amwonyeshe mshororo.