Sumukuvu ya Ukambani: Kinga Ipo, Mlipaji Ni Nani?

Kati ya Januari na Julai 2004, watu 317 wa mashariki na kati mwa Kenya waliugua ini ghafla baada ya kula mahindi yenye sumukuvu ya aflatoksini, na 125 kati yao wakafa. Karibu wagonjwa wanne katika kila watano walitoka Makueni na Kitui, wilaya za Ukambani. Wachunguzi wa Wizara ya Afya, wakishirikiana na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, walikuta mambo kadhaa yaliyokutana kwa wakati mbaya. Ukame ulikuwa umeidhoofisha mimea, kisha mvua isiyotarajiwa ikanyesha wakati wa kuvuna. Watu waliohofia wizi wakaingiza ndani ya nyumba nafaka ambayo haijakauka, na kuvu likapata joto na unyevu wa kutosha. Sampuli 350 za mahindi na unga zilizokusanywa madukani na sokoni katika wilaya nne zilionyesha kwamba asilimia 55 zilipita kiwango cha kisheria cha wakati huo, mikrogramu 20 kwa kilo. Asilimia 7 zilipita mikrogramu 1,000. Ilimaanisha kwamba hata aliyemaliza mahindi yake na kwenda kununua hakuwa salama.

Wanasayansi walikuwa wameijua sumu hiyo kwa zaidi ya miaka 40. Iligunduliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga. Ukambani wenyewe ulipata onyo mwaka 1981, wagonjwa 12 kati ya 20 walipokufa katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni. Makueni ilikuja kuwa wilaya yake yenyewe mwaka 1992. Kwa hiyo katika miaka 23 kati ya mlipuko wa kwanza na ule mkubwa, ardhi iligawanywa upya na ofisi mpya zikafunguliwa, lakini hakuna kinga yoyote dhidi ya kuvu iliyomfikia mkulima shambani. Nasisitiza hili kwa sababu vifo vya 2004 husimuliwa kana kwamba ni ukame tu ulioua. Ukame ulichangia. Pengo la miaka 23 ni kazi ya binadamu.

Kinga hiyo sasa ipo, na historia yake inapita Katumani, kituo cha utafiti wa kilimo nje kidogo ya mji wa Machakos. Ni kituo hicho hicho kilichozalisha, katika miaka ya 1960, Katumani Composite B, mahindi yanayokomaa haraka kabla mvua fupi za Ukambani hazijakatika. Mbegu hiyo iliwapa watu wa Kitui na Makueni nafasi ya kuvuna mahindi pale ambapo mtama, wimbi na mawele ndivyo vilivyoizoea ardhi. Faida yake ilikuwa kubwa na siibezi. Lakini mahindi huathiriwa na kuvu hili kwa urahisi kuliko nafaka hizo za zamani, hasa yanapokosa maji wakati wa kuchanua, jambo ambalo Ukambani ni la kawaida. Taifa lilipohimiza mahindi katika nchi kavu, lilichukua pia dhamana ya kumlinda mlaji wake.

Ubia ulioleta kinga ulianza na swali la maabara: kwa nini sumu ya 2004 ilikuwa kali kiasi kile? Mwaka 2007 Claudia Probst, Henry Njapau na Peter Cotty walionyesha kwamba mahindi ya eneo la mlipuko yalitawaliwa na aina moja ya kuvu la Aspergillus flavus, ile inayoitwa S, inayotoa sumu nyingi mno. Cotty, wa idara ya utafiti ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, alikuwa ameshapunguza sumu katika pamba ya Arizona kwa kutumia ndugu wa kuvu hilo wasio na sumu, ambao hutangulia kushika shamba na kuwanyima wenye sumu nafasi. Taasisi ya kimataifa ya IITA, yenye makao Ibadan, iliirekebisha mbinu hiyo kwa ajili ya Afrika na kuiita Aflasafe. Kwa Kenya walitafutwa ndugu wanne wa kienyeji, kwa ushirikiano na taasisi ya utafiti wa kilimo ambayo sasa inaitwa KALRO. Aflasafe KE01 iliandikishwa rasmi mwaka 2015, kiwanda kikajengwa Katumani, na kampuni ya Koppert, yenye asili ya Uholanzi, ikaingia katika usambazaji. Kazi ya mkulima ni nyepesi: kilo 4 kwa ekari, zinamwagwa kwa mkono wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa mbelewele. Kinachobeba kuvu hilo jema ni punje za mtama zisizoota tena. Nafaka iliyosukumwa pembeni na mahindi ndiyo sasa inayotumwa kuyaokoa.

Tazama mpangilio wa ubia huo. Mashirika ya umma yalilipia utafiti, majaribio na uandikishaji, na kampuni ikaja mwisho, kuuza. Mpangilio huu una akili pale penye mnunuzi anayelipia usalama. Nchini Nigeria mnunuzi huyo alikuwepo: viwanda vya chakula cha kuku vilitaka mahindi safi, na kuanzia 2013 mradi wa AgResults ulilipa kampuni na vikundi kwa kila tani ya mahindi yaliyotiwa Aflasafe. Mkulima wa Mutomo kule Kitui au Kibwezi kule Makueni yuko katika hali tofauti kabisa. Sehemu kubwa ya anachovuna anakula yeye na watoto wake, na magunia machache anayouza hununuliwa na mtu asiyepima sumu wala kuongeza shilingi kwa usafi. Hata ukaguzi wa serikali haumfikii. Mwaka 2019 shirika la viwango, KEBS, lilipiga marufuku chapa tano za unga, na Machi 2021 Kenya ikazuia kwa muda mahindi ya Uganda na Tanzania. Hatua hizo zilihusu kiwanda na mpaka, ilhali mahindi yaliyoua mwaka 2004 yalitoka zaidi katika mashamba ya wenyeji wenyewe. Kumtaka mtu huyu anunue kinga kama pembejeo ya biashara ni kumtoza kwa faida ambayo soko halitamrudishia. Kwake Aflasafe inafanana na chanjo, na inapaswa kugharimiwa kama chanjo.

Wapo wanaosema kwamba kukausha vizuri na kutumia mifuko isiyopitisha hewa kunatosha. Mbinu hizo ni za lazima, lakini huzuia kuvu kuendelea tu. Sumu iliyoingia shambani wakati wa kiangazi huingia mfukoni pamoja na punje. Wengine hutaja muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, na kweli utafiti wa Kenya uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba kukoboa mahindi kunapunguza aflatoksini kwa karibu nusu. Nusu ya mikrogramu 1,000 bado ni sumu kali, na pumba zenye nusu nyingine wanapewa kuku. Wapo pia wanaotaka mtama urudi. Nawaunga mkono, ila mtama unahitaji watu wa kufukuza ndege tangu alfajiri, na watoto waliofanya kazi hiyo zamani sasa wako shule, mahali wanapostahili kuwa.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha: ruzuku huua biashara, na wafadhili wakiondoka kila kitu husimama. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo sababu silipeleki jukumu hili kwa wafadhili. Tangu 2013 kaunti zinasimamia kilimo na pia huduma nyingi za afya. Kaunti ikinunua kwa mkataba wa miaka kadhaa, kiwanda cha Katumani kinapata mteja wa uhakika, na kampuni inabaki na kazi ya kufikisha bidhaa na kuiuza kwa wanaozalisha kwa ajili ya soko. Wala hatuhitaji kutia chumvi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 uliiweka Kitui karibu na kilele cha udumavu nchini, asilimia 46 ya watoto wa chini ya miaka mitano, lakini hauthibitishi kwamba kuvu ndilo chanzo. Jaribio lililofanywa Meru na Tharaka Nithi, na kuchapishwa 2018, liliona watoto waliopewa mahindi safi wakikua vizuri zaidi katikati ya kipindi, kisha tofauti ikafifia mwishoni. Swali la udumavu liko wazi. La ini halina utata, na walio hatarini ni wengi: damu iliyochukuliwa kote nchini mwaka 2007 ilionyesha dalili za aflatoksini katika asilimia 78 ya sampuli, na Mkoa wa Mashariki uliongoza.

Mabunge ya kaunti hupitisha bajeti kabla ya Juni 30, na wakulima wa Ukambani hupanda kwa mvua za Oktoba. Waheshimiwa wa Kitui na Makueni, wekeni Aflasafe katika fungu la afya mwaka huu, na mhakikishe iko mikononi mwa wakulima kabla mahindi hayajachanua.