Mabishano kuhusu mageuko na dini katika shule za Tanzania

Mabishano kuhusu mageuko na dini katika shule za Tanzania yanahusu namna shule za serikali zinavyofundisha asili ya binadamu kwa watoto ambao wengi wao wamelelewa katika Ukristo au Uislamu. Upande mmoja kuna nadharia ya mageuko ya spishi, inayofundishwa katika masomo ya historia na baiolojia. Upande mwingine kuna imani kwamba Mungu ndiye aliyemuumba mtu, inayofundishwa nyumbani, kanisani, msikitini, madrasani na hata katika vipindi vya dini vya shule zilezile.

Nchini Marekani suala hilo limefikishwa mahakamani mara nyingi. Kumbe nchini Tanzania limebaki hasa darasani: katika maneno ya kitabu cha kiada, katika swali la mtihani na katika jibu ambalo mwalimu anampa mwanafunzi anayeuliza lipi ni la kweli. Eneo la Kibosho, kwenye miteremko ya mlima Kilimanjaro juu ya mji wa Moshi, ni mfano mzuri wa historia ya suala hilo, kwa kuwa shule zililetwa huko na wamisionari, kisha nyingi zikawa za serikali.

## Usuli

### Kutoka misheni hadi serikali

Kabla ya Ukristo kufika, Wachagga walimwamini Ruwa. Kadiri ya simulizi lililoandikwa na Charles Dundas katika kitabu chake cha mwaka 1924 kuhusu Kilimanjaro na watu wake, Ruwa aliwatoa watu wa kwanza kwa kupasua chombo walimokuwa wamefungiwa. Katika simulizi hilo hasemwi kuwa aliwafinyanga, bali aliwafungulia. Baadaye Wakristo walitumia jina hilohilo la Ruwa kumtaja Mungu Muumba wa Biblia. Hivyo masimulizi ya uumbaji yaliyofundishwa na misheni yalikuwa yenyewe mapya mlimani, kabla nadharia ya mageuko haijafika.

Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa wameanza Kilema, walifungua misheni ya Kibosho mwaka 1893. Mwaka huohuo Walutheri wa Leipzig walianza kazi Machame, upande wa magharibi. Pande zote mbili shule na kanisa vilikwenda pamoja: mtoto alijifunza kusoma na kuandika mahali palepale alipojifunza dini, na mara nyingi kwa mwalimu yuleyule.

Baada ya uhuru, Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliweka chini ya serikali shule nyingi zilizokuwa za mashirika ya dini. Shule ya Sekondari Umbwe, iliyoanzishwa na Wakatoliki huko Kibosho, ni mojawapo ya zile zilizokuja kuwa za serikali. Lengo mojawapo lilikuwa kwamba mtoto asikose nafasi ya shule kwa sababu ya dini yake. Toka hapo mtaala ukawa mmoja kwa wote, nayo dini ikapewa vipindi maalumu, wanafunzi wakigawanyika kadiri ya imani zao.

### Visukuku vya nyumbani

Charles Darwin alichapisha kitabu chake kuhusu asili ya spishi mwaka 1859, na mwaka 1871 alidokeza kwamba chimbuko la binadamu huenda likawa Afrika. Ushahidi mwingi wa hoja hiyo umepatikana Afrika Mashariki. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aligundua katika Bonde la Olduvai (Oltupai) fuvu lililopewa jina la *Zinjanthropus*, lenye umri wa miaka milioni 1.75 hivi. Mwaka 1964 Louis Leakey na wenzake walitangaza spishi ya *Homo habilis* kutokana na mabaki ya bonde hilohilo. Mwaka 1978 kundi la Mary Leakey lilichimbua huko Laetoli nyayo za zamadamu waliotembea wima miaka milioni 3.6 hivi iliyopita.

Kwa sababu hiyo mageuko hayakuingia katika shule za Tanzania kama elimu ya kigeni tu. Olduvai ni sehemu ya fahari ya taifa, na fuvu la *Zinjanthropus* limehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam. Louis Leakey mwenyewe alizaliwa Kabete, Kenya, akiwa mtoto wa wamisionari Waanglikana.

## Mageuko katika mtaala

Wanafunzi wengi hukutana na mageuko kwanza katika somo la historia, si la baiolojia. Mtaala wa historia uliotumika kwa miaka mingi uliweka mada ya mageuko ya binadamu, teknolojia na mazingira mwanzoni mwa kidato cha kwanza. Mada hiyo hupitia hatua za zamadamu hadi *Homo sapiens*, pamoja na zama za mawe na zama za chuma. Katika baiolojia, mageuko yaliwekwa kidato cha nne, baada ya mwanafunzi kusoma urithi wa tabia kupitia jeni, na tena kidato cha sita kwa wanaoendelea na somo hilo.

Mpangilio huo una matokeo yake. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza husoma orodha ya zamadamu na umri wao kabla hajajifunza jinsi mageuko yanavyotokea, yaani kwamba viumbe wa aina moja hutofautiana, kwamba baadhi ya tofauti hurithiwa, na kwamba wale ambao tofauti zao zinawafaa katika mazingira yao huacha wazao wengi zaidi. Asiyefikia mada ya kidato cha nne, au asiyeielewa, hubaki na orodha tu.

Vitabu na maelezo mengi ya historia yanayotumiwa na wanafunzi hutaja nadharia mbili za asili ya binadamu: nadharia ya uumbaji na nadharia ya mageuko. Ya kwanza hufupishwa kutoka vitabu vitakatifu. Ya pili hufafanuliwa kwa kirefu zaidi.

## Mambo yanayobishaniwa

### Nadharia mbili bega kwa bega

Kuweka uumbaji na mageuko chini ya jina moja la "nadharia" kunaonekana kama njia ya kupatanisha, lakini kunapata lawama kutoka pande zote mbili. Kwa waumini wengi, uumbaji si nadharia bali ni ukweli uliofunuliwa na Mungu. Kuuita nadharia ni kuushusha. Kwa wanasayansi, uumbaji hauwezi kuitwa nadharia kwa maana yao, kwa kuwa hauwezi kupimwa kwa ushahidi.

Shida inaanzia katika neno lenyewe. Katika mazungumzo ya kawaida "nadharia" ni wazo tu, kinyume cha vitendo au cha jambo lililothibitishwa. Katika sayansi ni maelezo yanayounganisha ushahidi mwingi na yaliyostahimili majaribio ya kuyakanusha. Mwanafunzi anayeijua maana ya kwanza peke yake husikia kwamba mageuko ni dhana isiyo na uhakika, wakati mwalimu wa baiolojia anakusudia maana ya pili.

### Neno "binadamu"

Lugha ya Kiswahili ina ugumu wake wa pekee. "Binadamu" ni neno lenye asili ya Kiarabu lenye maana ya mwana wa Adamu, vilevile "mwanadamu". Hivyo anayesema "mageuko ya binadamu" anaunganisha katika maneno mawili masimulizi mawili tofauti. Katika shule za sekondari za serikali jambo hilo hufichika kwa kiasi, kwa sababu masomo hutolewa kwa Kiingereza, lakini wanafunzi wakijadiliana kwa Kiswahili linarudi.

### Nyani na sokwe

Kauli inayosikika zaidi katika mabishano ni kwamba sayansi inadai mtu alitokana na nyani, ikifuatwa na swali kwa nini nyani wa leo hawageuki kuwa watu. Nadharia yenyewe haisemi hivyo. Inasema kwamba binadamu na sokwe wa leo wana babu wa pamoja aliyeishi mamilioni ya miaka iliyopita, na kwamba kila ukoo ulifuata njia yake. Ni kama binamu wawili: hakuna aliyemzaa mwenzake, ila wote wanatokana na babu mmoja.

### Mtihani na imani

Kwa mwanafunzi jambo linalogusa zaidi ni alama. Anayekataa kueleza mageuko kwa sababu ya imani yake anapoteza alama za swali hilo. Anayeeleza anaweza kuhofu kwamba ameikana dini yake. Ufumbuzi unaotumika ni kutofautisha kueleza na kukiri: mtihani unauliza kama mwanafunzi anaielewa nadharia na ushahidi wake, hauulizi kama anaiamini. Hata hivyo tofauti hiyo isipotamkwa wazi na mwalimu, mtoto wa miaka 13 au 14 anaweza asiitambue.

## Misimamo ya dini

Misimamo ya dini haifanani. Katika Kanisa Katoliki, lenye waamini wengi Kibosho, Papa Pius XII katika waraka *Humani generis* wa mwaka 1950 aliruhusu wataalamu wajadili asili ya mwili wa binadamu kutokana na viumbe hai vilivyotangulia, akishikilia kwamba roho inaumbwa moja kwa moja na Mungu. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II alikiri kwamba maarifa mapya yameipa nadharia hiyo uzito kuliko dhana tupu. Hivyo Mkatoliki halazimiki kuchagua kati ya mageuko na Muumba, ingawa si kila mwamini anayafahamu mafundisho hayo.

Waadventista Wasabato, ambao kazi yao nchini ilianza mwaka 1903 katika milima ya Upare, mkoa huohuo wa Kilimanjaro, wanafundisha kwamba siku sita za uumbaji zilikuwa siku halisi. Makanisa mengi ya Kipentekoste pia yanasoma sura za kwanza za kitabu cha Mwanzo jinsi zilivyo.

Katika Uislamu, Kurani inafundisha kwamba Mungu alimuumba Adamu kutoka udongo. Wanazuoni wengi wanakataa kwamba binadamu alitokana na viumbe wengine, huku baadhi wakikubali mageuko ya mimea na wanyama.

## Sheria

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ibara ya 19, inalinda uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini, na kuweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Kutokana na hayo, shule ya serikali haipaswi kumlazimisha mwanafunzi kuamini wala kutoamini.

Imani ya mwanafunzi iliwahi kufika mahakamani kwa sababu nyingine. Mwezi Julai 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliwapa haki wanafunzi Mashahidi wa Yehova walioadhibiwa shuleni kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa. Kesi hiyo haikuhusu mageuko, lakini inaonyesha kwamba mwanafunzi haachi uhuru wa dhamiri langoni mwa shule.

## Nchi nyingine

Nchini Kenya mabishano yalizuka mwaka 2006 kuhusu makumbusho ya Nairobi, ambayo hutembelewa na wanafunzi wengi. Viongozi wa makanisa ya kiinjili, wakiongozwa na Askofu Boniface Adoyo, walidai visukuku vya zamadamu visipewe nafasi ya mbele. Kati yake kulikuwa na "Mvulana wa Turkana", aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984. Richard Leakey alipinga vikali dai hilo. Makumbusho yalipofunguliwa tena mwaka 2008 baada ya ukarabati, visukuku viliendelea kuonyeshwa.

Nchini Marekani mwalimu John Scopes alitiwa hatiani mwaka 1925 huko Tennessee kwa kufundisha mageuko. Mwaka 1968 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilifuta katazo la namna hiyo la jimbo la Arkansas, na mwaka 1987 ilibatilisha sheria ya Louisiana iliyotaka mageuko yasifundishwe bila ya uumbaji kufundishwa pia. Mpangilio huo wa pili unafanana kwa nje na ule wa vitabu vya historia vya Tanzania. Tofauti ni kwamba sheria ya Louisiana ilitaka uumbaji ufundishwe kama sayansi, kumbe somo la historia linaweza kuueleza kama jambo ambalo watu wanaliamini.

## Tazama pia

* Mageuko ya spishi
* Bonde la Olduvai
* Laetoli
* Elimu nchini Tanzania
* Kibosho