JWTZ: Kutoka maasi ya Colito hadi Kikombo, Dodoma

NOVEMBA 2019, Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi la Makao Makuu ya Ulinzi ya Taifa huko Kikombo, Dodoma. Kwa hatua hiyo, Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilianza safari ya kuwa jirani wa Bunge na Ikulu ya Chamwino. Ujirani huo una uzito wake, kwani chimbuko la jeshi hilo ni maasi dhidi ya Serikali.

Januari 20, 1964, askari wa Tanganyika Rifles, jeshi lililorithiwa kutoka kwa wakoloni, waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, ambayo sasa ni Lugalo. Walidai nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Mwalimu Julius Nyerere alilazimika kuomba msaada wa Uingereza, na Januari 25 makomandoo walioshushwa kwa helikopta kutoka manowari ya Centaur waliwanyang'anya waasi silaha.

Jeshi hilo lilivunjwa. Septemba Mosi, 1964 likaundwa JWTZ, Mkuu wake wa kwanza akiwa Mirisho Sarakikya. Vijana wa TANU waliandikishwa, na elimu ya siasa ikawa sehemu ya mafunzo, ili askari atambue kuwa bunduki yake ni mali ya wananchi.

Utamaduni huo ulipimwa katika Vita vya Kagera. Baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia mwaka 1978, wanajeshi walipigana bega kwa bega na mgambo na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) hadi Kampala ilipotekwa Aprili 11, 1979.

Mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992, wanajeshi walizuiwa kuwa wanachama wa chama chochote.

Tangu hapo, jeshi limejipatia sifa nje ya mipaka. Mwaka 2008 lilishiriki kukomboa kisiwa cha Anjouan nchini Comoro, na mwaka 2013 likaisaidia Kongo kulishinda kundi la M23. Gharama haikuwa ndogo: Desemba 2017 walinda amani wasiopungua 14 wa Tanzania waliuawa Semuliki.

Aidha, katika kambi ya JKT Makutupora, Dodoma, wahitimu wa kidato cha sita huonja maisha ya kijeshi, utaratibu uliosimamishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013.

Hata hivyo, mtihani mkubwa zaidi ni ule ule wa mwaka 1964: jeshi kuwa karibu na watawala pasipo kuingia katika siasa zao.