Mtu Akishakuwa Majini

Jioni ya tarehe 13 Machi 1944, katikati ya Atlantiki ya Kusini, nyambizi ya Kijerumani U-852 iliizamisha meli ya mizigo ya Wagiriki iliyoitwa Peleus. Meli ilikuwa na mabaharia 35. Baadhi yao walizama nayo. Waliobaki walipanda vyelezo, wengine wakashikilia mbao zilizokuwa zinaelea. Nyambizi ikaibuka na kuwasogelea. Wajerumani wakampandisha afisa mmoja wa Peleus, wakamuuliza jina la meli na ilikokuwa inaelekea, halafu wakamrudisha kwenye chelezo chake.

Mpaka hapo hakuna jipya, maanake meli zilizamishwa hivyo kila wiki. Lakini nahodha wa nyambizi, Heinz-Wilhelm Eck, hakuondoka. Aliamuru silaha zipandishwe juu, na kwa saa kadhaa usiku ule watu wake walipiga vyelezo kwa risasi na maguruneti. Watu walikuwa juu ya vyelezo hivyo. Zaidi ya mwezi mmoja baadaye, meli ya Wareno iliwaokota watatu wakiwa hai.

Eck hakuwa hata ametimiza miaka 28, na hiyo ilikuwa safari yake ya kwanza kama nahodha. Kabla hajaondoka Ujerumani alikuwa ameonywa kwamba nyambizi za aina yake zilikuwa zinapotea katika njia hiyo. Baadaye alijitetea kwamba mabaki yanayoelea yangeonekana na ndege za adui asubuhi, wangejua kuna nyambizi karibu, na yeye na watu wake wangewindwa. Kwa hiyo alitaka kufuta alama. Waliokuwa juu ya alama hizo, kwa hesabu yake, walikuwa bahati mbaya.

Sasa, sehemu inayofuata ya hadithi hii iko karibu na kwetu kuliko unavyodhani. U-852 ilizunguka Rasi ya Tumaini Jema ikaingia Bahari ya Hindi. Mwanzoni mwa Mei 1944, ndege za Uingereza zilizotoka Aden ziliishambulia mpaka ikashindwa kuzama na kukimbia. Eck akaipandisha ufukweni, kwenye pwani ya Somalia kusini ya Ras Hafun, akajaribu kuilipua. Haikulipuka yote. Waingereza waliwakamata mabaharia wake na kupata kumbukumbu za safari, na wachunguzi wakaunganisha tarehe na mahali. Ndivyo siri ya Atlantiki ilivyofichuka kwenye mchanga wa Somalia.

Oktoba 1945, kesi ilisikilizwa Hamburg mbele ya maafisa wa Kiingereza na wa Kigiriki. Walioshtakiwa ni watano tu. Eck, afisa wake Hoffmann na daktari wa nyambizi, Weisspfennig, walihukumiwa kifo, wakapigwa risasi tarehe 30 Novemba 1945. Injinia mkuu, Lenz, alipewa kifungo cha maisha. Baharia Schwender akapewa miaka 15.

Hebu simama hapo kwa daktari. Sheria za vita zilimlinda daktari kwa sababu hakuwa mpiganaji. Weisspfennig alishika bunduki akapiga watu walio majini.

Ukisoma watu wanavyobishana kuhusu mabaharia wa nyambizi za Hitler, utakutana na majibu mawili, na yote mawili ni ya mkato. La kwanza linasema: wale walikuwa Wanazi, wote wahalifu, funga faili. La pili linasema: vita ni vita, kila mtu alifanya hivyo, na walioshindwa ndio huwa wanafikishwa mahakamani. Mimi sina shahada ya sheria, wala ya kitu kingine chochote. Lakini nikiyaweka majibu hayo mbele ya kesi ya Peleus, naona yote mawili yanamsaidia mtu kukwepa swali lenyewe: nani alifanya nini, na angeweza kufanya nini tofauti?

Tuanze na lile la kwanza. Tarehe 12 Septemba 1942, nyambizi U-156 ya nahodha Werner Hartenstein iliizamisha meli ya Uingereza Laconia, magharibi ya Afrika. Ndani yake kulikuwa na watu zaidi ya 2,700, na wengi wao walikuwa mateka wa vita wa Kiitaliano, yaani watu wa upande wake mwenyewe. Pia kulikuwa na wanawake na watoto. Hartenstein alipotambua hivyo, alianza kuokoa. Alijaza watu juu na ndani ya nyambizi, akafunga mashua kwa kamba akazivuta. Alitangaza kwa redio, kwa Kiingereza, mahali alipo, na kwamba meli yoyote itakayokuja kusaidia hataishambulia. Juu ya nyambizi alitandaza bendera ya Msalaba Mwekundu.

Tarehe 16 Septemba, ndege ya Marekani iliyotoka kisiwa cha Ascension ilikuja ikaidondoshea mabomu. Hartenstein akakata kamba, akawashusha watu aliowabeba, akazama kujiokoa. Siku iliyofuata mkuu wa nyambizi zote za Ujerumani, Karl Dönitz, alitoa amri: marufuku kuokoa watu wa meli zilizozamishwa. Hartenstein mwenyewe alikufa na mabaharia wake wote Machi 1943, karibu na Barbados.

Huwezi kumweka Hartenstein na Eck kwenye gunia moja. Sare ni ile ile, mkuu ni yule yule, bahari ni ile ile. Lakini tusimfanye Hartenstein malaika pia. Ni yeye aliyewatia watu wale majini, na aliendelea kutumikia utawala uleule mpaka siku ya mwisho. Ninachosema ni kidogo tu: alipowaona ndani ya maji, aliwaona kuwa watu.

Jibu la pili lina nguvu zaidi, na lazima tulipe haki yake. Ni kweli kwamba walioshinda walifanya mambo ambayo hawakuulizwa. Julai 1941, karibu na Krete, nyambizi ya Uingereza HMS Torbay ya nahodha Anthony Miers iliwapiga risasi wanajeshi wa Kijerumani waliokuwa tayari wameiacha mashua yao na wako kwenye mpira wa kujiokolea. Miers hakushtakiwa. Alikuja kupewa nishani ya juu kabisa ya Uingereza kwa kazi nyingine, akastaafu akiwa admirali. Januari 1943, nyambizi ya Marekani Wahoo iliwafyatulia risasi watu wa meli ya Kijapani Buyo Maru waliokuwa kwenye mashua. Miongoni mwa watu wa meli hiyo walikuwamo mateka wa Kihindi, yaani watu wa upande wa Marekani yenyewe. Nahodha wake naye alipewa nishani. Mkuki kwa nguruwe.

Hata Nuremberg walilijua hilo. Dönitz alipohukumiwa miaka 10, majaji walisema amri yake ya baada ya Laconia haikuthibitisha kwamba aliagiza watu wauawe, ingawa ilikuwa na utata wa kulaumiwa vikali. Na kuhusu kuzamisha meli bila onyo, walisema adhabu yake haikupimwa kwa kosa hilo, kwa sababu Uingereza ilikuwa imetoa amri kama hiyo mwaka 1940, na admirali Nimitz wa Marekani alikiri kwamba nyambizi zake katika Pasifiki zilifanya vivyo hivyo tangu siku ya kwanza ya vita vyao.

Kisha kuna tukio linalotuhusu sisi moja kwa moja. Februari 1944, mwezi mmoja kabla ya Peleus, meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo. Ilibeba watu 1,511, na karibu elfu moja kati yao walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga ikazama kwa muda usiozidi dakika mbili. Waliobahatika kutoka wakawa majini. Nyambizi ikajificha chini yao. Meli za kivita za Uingereza zilizokuwa zinaulinda msafara zikaangusha mabomu yanayolipukia chini ya maji, pale pale watu walipokuwa wanaelea. Waliokufa siku hiyo ni 1,297.

Je, hilo ni sawa na la Eck? Nimelifikiria sana, na jibu langu ni hapana. Makamanda wale walikuwa wanaiwinda nyambizi ambayo ingeweza kuzizamisha meli nyingine zenye maelfu ya watu. Vifo vya walioelea viliumiza hata wale waliobonyeza. Eck hakuwa anamwinda mtu. Aliokuwa anawapiga hawakuwa wamebeba chochote zaidi ya maisha yao. Lakini kwa mtu aliye ndani ya maji, mlipuko hauna maelezo. Na kwamba hakuna aliyewahi kuketi kuulizwa maswali mbele ya familia za wanajeshi wale wa Afrika Mashariki, hilo nalo ni deni.

Basi je, kwa kuwa Miers hakushtakiwa, Eck alionewa? Hapa ndipo naachana na jibu la pili. Deni la Miers ni la Miers na la serikali iliyomfunika. Halimpunguzii Eck hata risasi moja. Mahakama inayowaacha wezi wawili na kumkamata wa tatu imekosea kuwaacha wale wawili. Haijakosea kuhusu wa tatu.

Tena kanuni iliyomtia Eck hatiani haikubuniwa na Waingereza mwaka 1945. Mwaka 1918 nyambizi U-86 ilizamisha meli ya hospitali Llandovery Castle, kisha ikazipiga mashua za waliookoka. Mwaka 1921 mahakama ya Wajerumani wenyewe, huko Leipzig, iliwatia hatiani maafisa wawili na kusema kwamba amri ya mkubwa si kinga pale ambapo kila mtu anaweza kuona ni uhalifu. Hawakumaliza hata vifungo vyao, hiyo ni kweli. Lakini sheria ilishasemwa, kwa Kijerumani.

Na watu wa U-852 waliijua bila kusoma sheria. Eck aligundua kwamba mabaharia wake hawakufurahia kilichotokea, akazungumza nao kwa kipaza sauti, akawaambia wafikirie wake na watoto wao wanaokufa kwa mabomu nyumbani. Huhitaji kumtuliza mtu asiyesumbuka. Lenz, yule injinia, alimwambia nahodha waziwazi kwamba haafiki. Halafu akamnyang'anya Schwender bunduki na kufyatua mwenyewe, kwa sababu, alivyoeleza mahakamani, Schwender hakustahili kutekeleza amri kama hiyo. Nimelisoma hilo mara nyingi. Mtu anajua jambo ni baya, analisema, kisha anahangaikia nani analifanya kwa heshima zaidi.

Baada ya vita, kumbukumbu ilianza kuwaosha. Kati ya wanaume karibu 40,000 waliohudumu kwenye nyambizi za Ujerumani, takriban robo tatu walikufa. Filamu ya Das Boot ya 1981 iliwaonyesha wakitoka jasho, wakiogopa, wakikosa hewa, na dunia ikawaonea huruma. Huruma hiyo mimi pia ninayo. Kijana wa miaka 20 kufa gizani chini ya bahari si jambo la kushangiliwa. Dönitz alipozikwa Januari 1981, serikali ya Ujerumani Magharibi iliwakataza wanajeshi kuhudhuria na sare, na bado wazee wengi wa nyambizi walikuja kumuaga.

Lakini kulikuwa na nahodha mwingine, Oskar Kusch wa U-154. Yeye alimsema vibaya Hitler mbele ya maafisa wake, na mmoja wao akamshtaki. Alipigwa risasi na Wajerumani wenzake tarehe 12 Mei 1944, siku chache tu baada ya Eck kukamatwa Somalia. Jina lake lilisafishwa rasmi mwaka 1996. Eck alisubiri hukumu yake mwaka mmoja na nusu, Kusch akasubiri haki yake miaka 52, kaburini.

Wengi wa waliokuwa ndani ya U-852 usiku ule hawakushtakiwa kamwe. Walikuwa chini, kwenye mitambo, wakisikia milio juu ya vichwa vyao. Sijui ningewahukumu vipi, na sioni haraka ya kufanya hivyo. Waliokuwa juu, na bunduki mikononi, na watu mbele yao kwenye maji, hao swali lao lilikuwa jepesi zaidi.