Sabuni Iliyolala Katika Ardhi ya Kajiado

Anayepika maharagwe mjini Kitengela, Kajiado, hutia magadi kidogo yaive upesi. Mnusa ugoro huyajua, na mfugaji huwalambisha ng'ombe wake. Wachache hukumbuka kwamba magadi hayohayo ni chanzo cha sabuni.

Hutoka Ziwa Magadi, magharibi mwa Kaunti ya Kajiado. Chemchemi za maji moto huleta chumvi, jua hukausha maji, tabaka jeupe likabaki. Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911, na mwaka 1915 reli kutoka Konza, kupitia Kajiado mjini, ilikuwa imefika ziwani. Brunner Mond ya Uingereza iliichukua kampuni mwaka 1924. Tangu 2005 iko mikononi mwa Tata ya India. Reli hiyo ya Konza ilijengwa kwa ajili ya magadi.

Hata hivyo magadi peke yake ni mapole mno kugeuza mafuta kuwa sabuni. Yachanganye na maji na chokaa iliyochomwa: kaboneti huungana na chokaa na kuzama chini kama unga mweupe, na kinachobaki majini ni kostiki, kali ya kubabua ngozi. Chokaa nayo haitafutwi mbali. Mawe yake huchimbwa Kajiado kulisha viwanda vya saruji vya Athi River.

Kilichosalia ni mafuta, na hapa ni nchi ya ng'ombe. Tume ya Nyama ya Kenya (KMC), iliyoanzishwa mwaka 1950, ina kiwanda cha nyama Athi River, karibu na Kitengela, na palipo na machinjio pana shahamu.

Mkemia Mfaransa Chevreul ndiye aliyeonyesha, katika kitabu chake cha 1823, kwamba mafuta ni tindikali zilizoungana na gliserini. Shahamu ikipikwa na kostiki, muungano huo hukatika: sodiamu hushika tindikali, ikawa sabuni, na gliserini ikajitenga. Hutiwa chumvi ya kawaida, sabuni ikaelea juu, ikamiminwa na kukatwa vipande. Kila chembe yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaong'ang'ania mafuta. Ndivyo uchafu unavyong'olewa nguoni.

Naomba walimu wa kemia wa Kitengela wasianzie somo hili Ulaya. Waanze na bonge la magadi, jiwe la chokaa lililochomwa na shahamu ya buchani. Wakitumia kostiki kavu, waitie wenyewe ndani ya maji, kamwe wasimimine maji juu ya kostiki, na wanafunzi wakae kando.