Kukabidhiwa na Kukabidhi

Aprili 1874, mtoto wa kike wa miaka kumi hivi alibebwa hadi mahakamani mjini New York akiwa amefunikwa blanketi la farasi. Aliitwa Mary Ellen Wilson. Miaka minane kabla ya hapo idara ya misaada ya jiji ilikuwa imemkabidhi kwa mume na mke fulani, ikaandikiana nao kwamba watatoa taarifa zake kila mwaka, kisha ikampa kisogo. Mama mlezi alimpiga, akamfungia ndani, na siku ya kesi uso wa mtoto ulikuwa na jeraha la mkasi. Etta Wheeler, mhudumu wa kanisa aliyegundua mateso hayo, alihangaika huku na huko bila msaada, mpaka alipomwendea Henry Bergh, ambaye mwaka 1866 alikuwa ameanzisha chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Wakili wa Bergh ndiye aliyemtoa mtoto katika nyumba ile.

Tangu hapo Wamarekani hupenda kusimulia kwamba Mary Ellen aliokolewa kwa sheria ya wanyama. Sivyo. Wakili alitumia amri ya kawaida ya kumtaka mtoto aletwe mbele ya jaji. Hata hivyo kuna ukweli ndani ya hadithi hiyo: macho yaliyozoea kuona farasi akichapwa barabarani ndiyo yaliyoweza kuona mtoto akichapwa chumbani. Kutokana na kesi hiyo kikaanzishwa chama cha kwanza cha kuzuia ukatili kwa watoto. Mary Ellen mwenyewe aliishi hadi 1956, akazaa mabinti wawili, na akamchukua mtoto mwingine yatima akamlea. Jambo hili la mwisho hutajwa kwa haraka mno, nami naona ndilo kubwa kuliko yote. Aliyekabidhiwa vibaya alikuja kuwa mtu wa kupokea vizuri.

Leo nchi hiyo ina zaidi ya watoto laki tatu walio chini ya uangalizi wa serikali kwa malezi ya kambo. Anayetaabika zaidi ni kijana aliyevuka miaka kumi na miwili. Watu wanaotaka kulea hutafuta mtoto mchanga. Kijana mwenye hasira, anayeiba chakula na kukificha chini ya godoro, anarudishwa. Anaporudishwa, mara nyingi nguo zake hutiwa kwenye mfuko wa taka. Kwa kijana wa namna hii, Wamarekani wameunda desturi ambayo sasa ina mizizi: kumweka karibu na mnyama aliyeumizwa kama yeye. Boris Levinson, mwanasaikolojia wa watoto mjini New York, aliandika mwaka 1962 juu ya mbwa wake Jingles, aliyefanikiwa kumkaribia mtoto ambaye hakuna mtu mzima aliyeweza kumkaribia. Wenzake walimcheka. Wakati huo shamba la Green Chimneys huko Brewster, lililoanza 1947, lilikuwa tayari linalea watoto pamoja na wanyama; baadaye likawa la watoto wenye matatizo makubwa ya hisia, wanaoishi pamoja na mbuzi, farasi, bundi na mwewe. Ndege waliovunjika mabawa huuguzwa, na wanaoweza kuruka tena huachiliwa huku watoto wakitazama.

Ila mfano ninaoupenda uko Oregon. Mwaka 1993 mwalimu Joan Dalton alianzisha mpango wa mbwa ndani ya gereza la vijana la MacLaren, mjini Woodburn. Wengi wanaofika mahali pa namna hii walishapita katika nyumba za walezi. Kijana anapewa mbwa mmoja kutoka makao ya mbwa waliotupwa. Anamwogesha, anamfundisha kukaa, kusubiri, kutembea pembeni bila kuvuta kamba. Mbwa aliyezoea kipigo hunywea mkono unapoinuliwa. Kijana anayejua mwenyewe kunywea huko anajifunza kushusha mkono, kuchutama, kutazama kando na kumwacha mbwa aje kwa hiari yake. Hapigi kelele, kwa sababu kelele moja inafuta kazi ya wiki nzima.

Na kazi yote hiyo inaelekea kwenye siku moja, siku mbwa anapochukuliwa na familia ya nje. Mgeni anaweza kudhani huu ni ukatili mpya: kijana aliyenyang'anywa kila kitu anapewa kitu cha kupenda, kisha nacho kinaondolewa. Nami naliona hapo jambo jingine. Kijana anakutana na familia, anaieleza mbwa anaogopa nini, anajibu neno gani, atulizwe vipi ngurumo za radi zikianza. Hivi ndivyo mtoto anavyopaswa kukabidhiwa, na yeye mwenyewe hakuna aliyemkabidhi hivyo. Kwa mara ya kwanza anasimama upande wa pili wa mlango. Ninapowasikia wanaosifu mipango hii wakizungumzia upendo wa mnyama usio na masharti, nakubali, lakini naona wamelitaja jambo dogo na kuliacha kubwa.

Waingereza, waliowapa Wamarekani sehemu kubwa ya fikra zao kuhusu wanyama, walilitazama suala hili kwa jicho zito zaidi. Katika riwaya ya Barry Hines ya 1968, ambayo Ken Loach aliifanya filamu mwaka uliofuata, kijana maskini wa mji wa machimbo ya makaa ya mawe anamlea kozi aliyemchukua kiotani. Ana mama, lakini ni kama hana. Ana kaka, na kaka ndiye anayemuua ndege. Hakuna taasisi, hakuna mganga, hakuna sherehe ya kumwachilia ndege angani. Mmarekani huuliza mnyama atamponyaje kijana. Hines aliuliza ni jamii gani hii inayomwacha kijana akose mtu mwingine wa kumheshimu isipokuwa ndege. Maswali yote mawili ni ya haki.

Huku kwetu yatima wanaokolewa pia, ila mara nyingi katika vituo vyetu mashuhuri yatima ni mnyama, na binadamu ndiye mzazi. Nchini Kenya, Daphne Sheldrick alitumia miaka mingi kutafuta maziwa ambayo tumbo la ndama wa tembo lingeyakubali, mpaka akayapata katika maziwa ya unga ya watoto yenye mafuta ya nazi. Ndama wake wa mwanzo kulelewa kwa maziwa hayo, Aisha, alimzoea yeye peke yake. Daphne aliposafiri kwa ajili ya harusi ya binti yake, Aisha alikataa kula, akafa kabla hajarudi. Tangu msiba huo sheria ya kituo chake cha Nairobi ikawa kwamba walezi wapokezane. Usiku huu analala na ndama mlezi huyu, kesho yule, ili moyo wake usiegemee mtu mmoja.

Afisa ustawi wa jamii akisikia hivyo atashtuka, maana kubadilishiwa walezi ndiko hasa kunakomvuruga mtoto wa mtu. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inaonekana kumuunga mkono. Katika Lola ya Bonobo, kituo alichokianzisha Claudine André mwaka 1994 na ambacho sasa kiko nje kidogo ya Kinshasa, kila mtoto wa sokwe aina ya bonobo aliyetolewa mikononi mwa wawindaji hupewa mama mmoja, mwanamke Mkongomani anayembeba, kumnywesha na kumkumbatia mchana kutwa. Huku mlezi mmoja, kule wengi. Na pande zote mbili zimefaulu. Tembo majike Yatta na Mulika walirejea kwa walezi wao kule Ithumba, Tsavo, wakiwa na watoto waliowazaa porini. Bonobo waliolelewa na akina mama wa Kinshasa walianza kurudishwa msituni mwaka 2009.

Tofauti hiyo imetokana na kumsoma mnyama kwa makini. Bonobo mchanga huishi kifuani kwa mama kwa miaka. Ndama wa tembo huzaliwa katikati ya mama wadogo, shangazi na dada, na wote wanamlea. Hata hivyo Nairobi haibadilishi kila kitu. Anayelala zizini hubadilika, lakini zizi ni lilelile, saa za chupa ni zilezile, walezi ni kundi lilelile wanaofahamiana, na yatima wenzake wako palepale asubuhi. Mtoto wa kambo wa Marekani hubadilishiwa mkono, kitanda, shule na mtaa, vyote kwa pamoja. Kijana wa miaka kumi na tano ameshapita umri wa kifua cha mama. Kwa hiyo nadhani anamkaribia tembo kuliko bonobo: anachohitaji ni kundi lisilohama. Zizi la Brewster na vibanda vya mbwa vya Woodburn vinampa hasa hicho, mahali ambapo saa kumi na mbili asubuhi kuna mtu au kiumbe anayemtarajia.

Lakini wapo yatima wasiokabidhiwa popote. Katika hifadhi ya Virunga, gorila wa milimani Ndakasi aliokotwa mwaka 2007 akiwa amemng'ang'ania mama yake aliyeuawa. Mlezi Andre Bauma alimpokea, akalala naye usiku wa kwanza kumpa joto la mwili wake, na hakumwacha tena. Porini hakuweza kurudi. Alikufa Septemba 2021 mikononi mwa Bauma, akiwa na miaka kumi na minne. Vita vilikuwa vimepita na kurudi kuzunguka hifadhi ile katika miaka hiyo, na Bauma alibaki. Nasita kusema kwamba huyu alishindwa pale ambapo Nairobi ilifaulu. Wako vijana ambao hawatarudi kwa wazazi wala kuasiliwa, na kinachobaki kwao ni mtu wa kukaa.

Ukienda kaskazini zaidi, sura ya jambo inageuka kabisa. Miongoni mwa Wanuer na Wadinka wa Sudan Kusini, kijana anapoingizwa utu uzima hupewa maksai. Jina la maksai huyo linakuwa lake, anamtungia nyimbo, na marika wake humwita kwa rangi za ngozi yake. Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard alilieleza hilo kwa Wanuer katika kitabu chake cha 1940. Mnyama huyu hajaokolewa na hajajeruhiwa. Ametoka katika kundi la baba au mjomba, kundi lililojengwa kwa mahari za shangazi na dada, kwa hiyo kumpokea ni kuonyeshwa unasimama wapi katika ukoo. Kwa Mmarekani mnyama anakaa mahali pa ndugu asiyekuwepo. Kwa Mnuer mnyama ni ushahidi kwamba ndugu wapo.

Desturi hizi mbili zilikutana katika miili ya vijana halisi. Mwaka 1987 na baada yake, vita viliwatawanya maelfu ya wavulana wa Kidinka na Kinuer. Baadhi walisalimika kwa kuwa walikuwa malishoni na mifugo vijiji viliposhambuliwa. Walitembea hadi Ethiopia, wakafukuzwa huko, na mwaka 1992 wakaingia Kakuma, kaskazini mwa Kenya. Katika miaka ya 2000 na 2001 Marekani iliwapokea zaidi ya 3,500 kati yao, na waliokuwa bado hawajatimiza umri wa utu uzima walikabidhiwa kwa familia za walezi. Hawa walikuwa vijana wa kambo waliopoteza wazazi na ng'ombe kwa siku moja. Hakuna farasi wa tiba ambaye angejaza pengo hilo, kwa sababu ng'ombe waliopotea walikuwa mahari yao na jina lao. Walipopata kazi katika viwanda na maduka ya Marekani, wengi walituma pesa nyumbani kununua ng'ombe wasiowaona kwa macho. Nyaraka zao zilikuwa za Marekani; nafasi yao katika ukoo ilikuwa inanenepa malishoni, upande wa pili wa dunia.

Rwanda imejaribu kuviunganisha vitu hivi kwa sera. Mpango wa Girinka, ulioanza 2006 juu ya desturi ya kale ya kupeana ng'ombe kama kiapo cha urafiki, huipa kaya maskini ng'ombe mmoja kwa sharti kwamba ndama jike wa kwanza atakabidhiwa kwa jirani. Mwaka 2013 serikali hiyohiyo ilianza kazi ya kuwatoa watoto katika vituo vya yatima na kuwarudisha kwenye familia, zikiwemo familia za kujitolea zinazoitwa malayika murinzi. Kenya nayo imejiwekea mkakati wa 2022 hadi 2032 wenye shabaha hiyo.

Hapa ndipo ninapotaka kuwaomba wanaoandika mikakati hii waazime kutoka pande zote. Makao mengi ya watoto ya Kenya na Tanzania yana ng'ombe, mbuzi au kuku. Kijana huamka kukamua, kukata majani na kusafisha banda, na kazi hiyo huhesabiwa kama upunguzaji wa gharama za jikoni. Akifikisha miaka kumi na minane anatoka na cheti chake cha kuzaliwa, pengine na godoro. Mpeni mnyama aliyemlea, kama anavyopewa kijana wa Kinuer, na mmwekee sharti la Girinka: jike wa kwanza arudi makaoni kwa mdogo aliyebaki, na mtoaji aje mwenyewe kumweleza mpokeaji tabia za mnyama huyo, kama wanavyofanya vijana wa Woodburn. Atahitajika daktari wa mifugo wa kata, na ndugu au mlezi mwenye eneo. Anayekwenda mjini kwenye chumba cha kupanga hawezi kufuga ng'ombe. Huyo apewe kuku watano wa kienyeji na mahali pa kuwaweka kwa makubaliano na mwenye nyumba, mradi deni la vifaranga lilipwe kwa aliyemwacha nyuma.